Chumvi ya Kituoni

Sabuni ikikushinda kwa uzito ndani ya chungu, usiongeze maji. Nimeanza na hilo kwa sababu nawajua ninyi vijana: mzee akichelewa kufika kwenye jambo lenyewe, simu zinatoka mfukoni. Basi limeshasemwa. Mwenye haraka aende zake. Anayetaka kujua kwa nini maji yanaikaza sabuni, na kwa nini hadi leo sipendi kupita kituo cha treni cha Kolwezi, avute kiti.

Jina langu ni Mwepu. Nilipika sabuni karibu maisha yangu yote ya kazi, katika karakana moja nyuma ya reli ambayo sasa imebaki kuta na mbuzi. Hatukuwa watu wa kusifiwa. Waliosifiwa ni wachimbaji wa shaba, na madereva wa magari makubwa kule Fungurume. Lakini mchimbaji akitoka mgodini amejaa tope, nani anamrudishia sura mkewe apate kumtambua? Sisi. Sabuni yetu ilikuwa ya vipande virefu, rangi ya udongo, inanuka mawese. Akina mama wa kambi waliilaumu kwamba inakwaruza mikono. Ilipokosekana waliacha kuilaumu.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachemsha mafuta ya mawese na soda kali kwa mvuke, ndani ya chungu cha chuma kirefu kuliko mtu, chenye ngazi ubavuni. Soda inakula mafuta, mafuta yanageuka sabuni. Msiichezee soda. Ilinitoboa buti, ikatoboa soksi, kisha ikaanza na mimi. Ili kujua kama imemaliza kazi yake, tulichota sabuni kidogo kwa mwiko, tukaiacha ipoe, tukaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikikuuma, bado. Mwenzangu Kasongo alikuwa na ulimi mgumu ajabu. Akisema "iko muzuri," tulimshukuru, halafu tukatafuta ulimi wa mtu mwingine.

Mwaka wangu wa kwanza waliniacha peke yangu na chungu. Sabuni ikaanza kuwa nzito. Sasa mimi ni mtu wa bukari, ugali wetu. Nimekua nikimwona mama yangu akisonga: bukari ikikaza, unamwagia maji ya moto, inalegea, unaendelea. Mtu wa Katanga analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nikamimina ndoo ya maji. Sabuni ikakaza. Nikasema moyoni, maji ni machache. Nikamimina nyingine. Mwiko ukasimama wenyewe katikati ya chungu, na mvuke ukawa unatoboa matundu na kutoka kwa sauti ambayo siitaji mbele ya wasichana.

Aliyenikuta hapo ni Mama Ngalula, mkemia wetu. Alisoma chuo kikuu, akarudi kutufundisha kupika sabuni bila kubahatisha. Babu yake aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, zamani kufanya kazi mgodini. Baba yake alizaliwa Kolwezi, yeye naye alizaliwa Kolwezi, mtaa mmoja na mimi. Alikuwa mfupi, mkali wa macho, na hakuwahi kupandisha sauti.

"Ulitia nini mule?" aliniuliza.

"Mayi, mama."

"Juu ya nini?" Yaani, kwa nini.

"Ilikuwa nguvu sana. Nikasema nilegeze, kama bukari."

Akacheka mpaka akashika ngazi. "Sabuni haiko bukari, Mwepu. Kuya uone kwa macho yako."

Akanipeleka labo, chumba chake cha kupimia, penye darubini ya kukuzia vitu vidogo. Alikuwa ameweka vioo viwili vyeusi, kimoja chini na kimoja juu, vimepishana hivi kwamba mwanga hauwezi kupita. Akaweka tone la maji katikati: giza. Akaweka tone la mafuta: giza. Kisha akaweka chembe ya ile sabuni niliyoiharibu. Kukawaka. Niliona vipepeo, mapazia, mabawa ya kumbikumbi yaliyotandazwa, ya buluu na ya njano. Niliondoa jicho nikaangalia kama kuna taa ndani. Hakuna.

"Ile iko maji ao iko jiwe?" nikauliza.

"Iko yote mbili," alisema. "Inatiririka kama mayi, lakini ndani imejipanga kama jiwe la mgodi, lile linalong'aa."

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kama nilivyopewa. Sabuni imefanywa kwa molekuli, chembe ndogo zisizoonekana hata kwa darubini ile. Kila moja ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji. Mkia unayakimbia maji, unapenda mafuta. Ndiyo maana sabuni inashika uchafu wa mafuta na kuuondoa kwa maji. Zikiwa chache ndani ya maji mengi, zinakusanyana kama mipira midogo, mikia ndani, vichwa nje. Mipira hiyo inaelea ovyo na maji yanabaki mepesi. Sabuni ikizidi, mipira inarefuka inakuwa fito, na fito zinajifunga pamoja kama mzigo wa kuni, maji yamebanwa katikati yake. Jaribu kukoroga mzigo wa kuni. Sabuni ikizidi tena, maji yakiwa machache zaidi, fito zinaachana, molekuli zinajipanga kuwa matandiko, moja juu ya lingine, kama mikeka ya kanisani. Mkeka unateleza juu ya mkeka. Ndiyo maana sabuni yenye maji machache inamiminika, na ukiiongezea maji inakaza. Mimi na ndoo zangu mbili nilikuwa nimeigeuza mikeka kuwa kuni.

"Nani anazipanga?" nilimuuliza.

"Hakuna mutu. Zinajipanga zenyewe. Kila moja inatafuta fasi kichwa kinasikia muzuri na mukia unasikia muzuri. Basi."

Siku nyingine alinionyesha ile ya mikeka, sabuni nzuri. Ilikuwa imejaa misalaba midogo, mingi kama mchele. Mimi Mmethodisti, yeye Mkatoliki. Nikamwambia, "Mama, hii imebatizwa kwenu." Akasema hata sisi Wamethodisti tukioga tunaoga na misalaba ileile. Kwa wiki nzima alinitania kwa hilo.

Dawa ya sabuni iliyokaza ni chumvi. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye vichwa vya sabuni, fito zinavunjika, mikeka inarudi. Si kumwaga kama mtu anayelisha kuku. Unafunga mvuke kwanza. Unayeyusha chumvi ndani ya maji mpaka maji yakatae kupokea zaidi, unayapitisha kando ya chungu, pole pole, unangoja, unafungua mvuke kidogo. Ukichota kwa mwiko wa moto na sabuni ikateleza yote na kuuacha mwiko mkavu, umefika. Chumvi ikizidi, sabuni inakatika vipande kama maziwa yaliyochacha, una kazi nyingine. Nilijifunza hayo miaka na miaka nikiwa naye, na bado mkono wake ulikuwa mkono wake.

Kisha mgodi ukaanza kubomoka, na mji pamoja nao. Mashine zilikufa bila vipuri. Mishahara ilichelewa, halafu ikaacha kuchelewa kwa sababu haikuja. Mafuta ya mawese yalifika machafu, soda ilifika mapipa mawili mahali pa kumi, halafu haikufika. Na mtu mwenye njaa akitafuta sababu, daima yupo wa kumuuzia. Wakubwa walisimama viwanjani wakasema shida yote ni watu wa Kasai, wamekalia kazi za wenye nchi, waende kwao. Watu niliokula nao harusi waliitwa bilulu, yaani wadudu. Sabuni hujipanga yenyewe, nimewaambia. Sisi tulipangwa.

Vijana wenye marungu walipita nyumba kwa nyumba. Mama Ngalula walimpa asubuhi moja tu ya kuondoka. Alifunga nguo, akamchukua mama yake mzee ambaye miguu ilikuwa imevimba, na mfuko wa chumvi, akaenda kituo cha treni pamoja na maelfu. "Waende kwao." Kwao wapi? Kasai alikuwa hajawahi kuiona.

Msishangae kuhusu mfuko wa chumvi. Karibu kila familia pale kituoni ilikuwa na chumvi. Walikuwa wamesikia kwamba Kasai chumvi ni adimu, na mtu anayefika ukweni au kwa mjomba asiyemjua, na chumvi mkononi, anapokewa kama mtu. Walinunua chumvi kwa vitanda vyao, kwa redio, kwa cherehani. Chumvi nyingine haikuwapo mjini, kwa sababu maduka yaliyoiuza yalikuwa ya hao watu wa Kasai na yalivunjwa.

Mahali pa Mama Ngalula akawekwa Kapend, karani wa ghala. Sitasema alikuwa shetani. Alikuwa mcheshi, mkarimu wa sigara, na alivaa vizuri siku za mikutano. Tulibaki na mafuta ya kupika mara moja tu na soda ya mara moja. Tukawasha. Mapema tu sabuni ikaanza kuwa nzito, na Kapend akaita maji.

"Shefu, hapana mayi," nilimwambia. "Itakaza."

"Mi ndiye shefu sasa. Mama yangu anasonga bukari kila siku, mi najua kitu ikikaza inatakaka nini."

Basi yakatiwa. Nilisimama na Kasongo tukaangalia mwiko ukisimama. Kapend aliita maji mengine, halafu akaacha kuita. Mafuta yetu ya mwisho na soda yetu ya mwisho yakakaa mle ndani, hayakorogeki, hayamiminiki, na chumvi hatukuwa nayo hata ya kula yai. Ghala lilikuwa limeporwa.

"Mwepu," alisema baadaye, bila ucheshi, "enda ku gare. Umulombe ule mama."

Alimaanisha niende kituoni nimwombe Mama Ngalula aje kutuokolea chungu, na chumvi yake. Yeye mwenyewe kwenda alishindwa. Asante ya punda ni mateke, na punda huyu alitaka tena kulishwa. Nilikwenda, kwa sababu nilitaka kumwona.

Sijui niwaelezeje kituo kile. Watu walilala kwenye saruji, kwenye mawe ya reli, chini ya mashuka yaliyofungwa kwa kamba. Mvua ilinyesha juu yao. Choo hakikuwapo. Watoto waliharisha na kufa, na mama aliyemwosha mtoto wake aliosha kwa maji matupu, kisha kwa mikono hiyohiyo akasonga bukari kwa ajili ya waliobaki. Nilimkuta Mama Ngalula amekaa juu ya mfuko wake wa chumvi, mama yake amelala juu ya mzigo wa nguo. Nikamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Alitia ndoo ngapi?" ndilo la kwanza aliloniuliza, na nikaona kwamba bado ni mkemia.

Kisha akasema, "Mwambie Kapend nitakuya. Lakini nusu ya ile sabuni ikuye hapa, mbele ya treni kufika. Unaona batoto? Nusu. Aape."

Nilirudi na maneno. Kapend aliapa mbele yetu sote, mkono juu, kwa jina la Mungu na la mama yake. Nilirudi tena kituoni. Ahadi ni deni, nilimwambia, na mimi nimesikia kwa masikio yangu.

Hapo akaanza kuomba chumvi. Alitanguliza ya kwake, mfuko mzima, akanipa mimi nibebe. Halafu akapita mzigo kwa mzigo na kopo, akiomba kopo moja kila familia. Wengi walikataa kwanza. Kulikuwa na bibi mmoja, Kaku Mbuyi, jirani wa mama yake tangu zamani, ambaye wengine walimsikiliza. Alishika mdomo wa mfuko wake kwa mikono miwili.

"Hii chumvi iko ya nani? Ya benye kutufukuza?"

"Ya kwangu, kaku," Mama Ngalula alijibu. "Unipe mimi. Mimi nitakurudishia sabuni."

Kaku Mbuyi alimwangalia sana. Kisha akachota kopo, akalijaza mpaka juu. Baada yake wengine walichota.

Tulimpitisha mjini katikati yetu, mimi, Kasongo na mwenzetu mwingine, tumemvika ovaroli na kofia. Kwenye karakana hakumsalimu Kapend wala hakumtukana. Alipanda ngazi, akachungulia, akafunga mvuke mwenyewe. Tuliyeyusha chumvi. Aliipitisha kando, akangoja, akapitisha. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu, na Kapend alianza kutembea huku na huku. Halafu pembeni sabuni ikaanza kung'aa. Ufa ukazunguka, uzito ukakatika, chungu kizima kikapumua na kuanza kujikunja pole pole chenyewe. Aliuchovya mwiko, sabuni ikateleza, mwiko ukabaki mkavu. Kasongo alilia. Mimi pia, na sioni haya kusema.

"Iache itulie," alituambia. "Nzuri itapanda juu, nyeusi itabaki chini. Musiiguse mbele ya kutulia."

Akarudi kwa mama yake jua likiwa bado juu.

Tuliiacha itulie. Ilipopoa tuliimimina kwenye visanduku, tukaikata vipande, na ilikuwa sabuni safi kuliko tuliyoizoea, kwa sababu ilikuwa imepikwa na mtu mwenye moyo ndani yake. Ndipo lori la Dilolo lilipoingia kwa kurudi nyuma hadi mlangoni. Lilikuwa la mfanyabiashara wa huko mpakani. Walipakia nusu, tukasimama tukingoja waache. Hawakuacha.

"Shefu, na ile ya gare?"

"Mwepu, bale batu banaenda. Leo ao kesho treni inakuya. Sabuni ya kumupatia mutu mwenye anaenda, ni ya nini? Siye tunabakia. Siye tuna batoto."

"Uliapa."

"Niliapa," alisema, akafunga mlango wa lori.

Nilimshika shati. Kasongo alinivuta, kwa sababu vijana wa marungu walikuwa wamesimama pamoja na lori na walikuwa wameanza kunitazama vizuri. Lori liliondoka.

Kilichobaki ni ile nyeusi ya chini. Hiyo ni uji wa sabuni na chumvi na takataka za mafuta. Ndani yake ni ile mipira midogo tu, imelegea, haikatiki vipande, haiuziki. Lakini inaosha. Tuliijaza kwenye ndoo, mimi na Kasongo na yule mwenzetu, tukaenda nayo kituoni.

Mama Ngalula alituona kutoka mbali. Aliangalia ndoo, akaangalia nyuma yetu kama kuna gari linakuja.

"Ile ingine iko wapi?"

Nikamwambia. Watu walikuwa wameshaanza kusogea, wale waliochota kopo kopo, na nyuso zao zilikuwa zimefurahi. Walichungulia ndani ya ndoo. Kaku Mbuyi alikuja mbele.

"Ngalula, hii ndiyo sabuni yetu?"

Nikajitia katikati. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba mwongo ni Kapend, ameapa na amevunja kiapo chake, ameipeleka Dilolo, na mama huyu hakujua lolote. Nilisema yote. Kaku Mbuyi alinisikiliza kwa adabu.

"Mutoto," alisema, "mi Kapend simujui. Siye hatukumupa Kapend chumvi. Tulimupa Ngalula."

Mtu mmoja nyuma alisema kwa Chiluba, lugha ya Kasai, neno nisilolijua, na Mama Ngalula alilijua, nikamwona usoni. Angeweza kujitetea. Alichukua kopo lake, akachota ile nyeusi, akaanza kuwamiminia watoto mikononi. Wengine walinyoosha mikono. Mama wengine waliwavuta watoto wao nyuma wasiguswe naye.

"Mwepu," aliniambia bila kuinua kichwa, "rudi, muoshe chungu mbele ya kukauka. Ile chumvi itakula chuma."

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Chungu nilikiosha, kwa heshima yake tu, maana hakikuwashwa tena.

Lakini kabla sijaondoka treni ilifika, mabehewa ya wazi, yale ya kubebea mawe ya shaba. Watu walipanda kwa kusukumana, wakarusha mizigo, na kila familia ikakaa juu ya mzigo wake, mfuko wa chumvi chini, watoto juu. Tulimpandisha mama yake, tukamlaza juu ya nguo, nguo zikaisha. Yeye hakuwa tena na kitu cha kukalia, na hakuna aliyemsogezea nafasi. Treni ilipoondoka, behewa lile lote lilikuwa limekaa. Mama Ngalula alikuwa amesimama.